Mzee Otuoma Atalala Wapi

Jumatatu, 8 Septemba

Kikao asubuhi. Dokta Ngosha, mganga mfawidhi wa kituo chetu, katangaza utaratibu mpya. Matibabu na ustawi wa jamii meza moja! Mgonjwa asitoke wodini mpaka ijulikane anakwenda kulala wapi, nani atampikia, nani atamwangalia. Wenzangu wakawa wanaandika kwa kasi utadhani wameshushiwa amri za Musa.

Mpya kwa nani? Mimi Felicitas nilianza kazi zahanati ya kisiwani, huko Ukerewe. Enzi zile nesi ndiye kila kitu. Asubuhi unazalisha, mchana unamsema mume aliyemfukuza mzazi, jioni unawatafutia yatima shangazi. Hakuna aliyetangaza meza. Meza yenyewe ilikuwa moja tu, na mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Tulifanya kazi, jamani! Na gauni lilikuwa jeupe, na kofia imepigwa wanga inasimama yenyewe. Siku hizi manesi wanavaa suruali.

Basi, Jumatatu ijayo atachaguliwa mratibu wa huduma hizo. Atapewa chumba cha pembeni chenye dirisha linalotazama ziwa. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nimeshachagua pazia.

Mpinzani ni mmoja: Alexander Luhende, afisa ustawi wa jamii. Kijana wa Kisukuma, mpole, anatembea polepole, mfukoni karanga za kukaanga hazimwishi. Ananiamkia shikamoo Sista kwa adabu hadi nakosa pa kumkamatia. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mtihani umeshafika: Mzee Otuoma. Kisukari, na kidonda mguuni. Kinapona vizuri, lakini mzee ni mjane, anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga juu kabisa ya kilima cha mawe cha Igogo, kule ambako hata mbuzi hufikiria kwanza. Hawezi kupanda na kushuka kila siku kuja kusafishwa. Dokta Ngosha kasema wazi: akirudi kule juu kidonda kitaharibika, na mguu utakatwa. Atafutiwe mahali pa kukaa kabla ya Jumatatu.

Wengine wanaona mzee mgonjwa. Mimi namwona nahodha wangu. Otuoma ndiye aliyekuwa akiniendesha kisiwa hadi kisiwa kwa mtumbwi wa injini, boksi la chanjo mapajani mwangu, yeye nyuma kashika usukani anaimba nyimbo za Wasabato kwa Kijaluo. Aliniita nyar Bukoba, binti wa Bukoba. Mpaka leo ananiita hivyo. Wengine wote walioniita binti wameshatangulia. Mguu ule haukatwi! Nimeapa.


Jumanne, 9 Septemba

Nimemwahi Luhende! Baada ya zamu nikachukua bajaji hadi Buzuruga, kwa Akelo, binti pekee wa mzee. Nyumba iko nyuma ya stendi. Vyumba vitatu. Maji bombani. Sakafu tambarare, hakuna ngazi hata moja. Nikasimama mlangoni nikamshukuru Mungu.

Akelo kanipokea kwa soda. Nikamweleza kwamba baba yake atahamia hapa. Akatazama mlango. Akasema nyumba ni ya Owiti, mumewe. Nikaelewa hapo hapo: mume mkali. Nimewashughulikia wengi.

Nikamsubiri. Owiti ni fundi wa kuchomelea mageti. Kaingia tu, hata kunawa hajanawa, nikamshukia. Nikamwambia mkwe ni mzazi, na baraka za nyumba zinatoka kwa wazee. Kanisikiliza kofia mkononi. Kasema hana neno, mzee anamheshimu mno. Akakuna kichwa. Akauliza kama mzee mwenyewe ameafiki kuja kulala hapa.

Nikasema ameafiki. Sijamwuliza, lakini ataafiki. Nani atakataa vyumba vitatu na bomba?

Wakatazamana. Owiti akasema kama mzee kaamua, basi wao ni nani. Akelo akaanza kufuta machozi kwa kanga. Mapenzi ya mtoto kwa baba! Nami nikalia kidogo. Nikanywa soda ya pili.

Nimerudi nikiimba. Tangu ujana nimekaa na watu wa ziwa hili, Wakerewe, Wajita, Wajaluo. Nawajua kama kiganja changu.


Jumatano, 10 Septemba

Luhende kavuta kiti, kakaa kando ya kitanda cha mzee asubuhi nzima! Wanakula karanga. Nimepita na toroli la dawa, nikasikia wanazungumza habari za mbao. Mbao gani nzuri kwa mtumbwi, ipi inaoza upesi. Nikapita tena. Sasa wanazungumza habari za marehemu mke wa mzee, jinsi alivyokuwa akipika. Mara ya tatu wamenyamaza wote wawili, wanatazama nje. Na huyu analipwa mshahara!

Sista Prudencia angemfukuza. Alikuwa mtawa, ndiye aliyenifundisha kazi kule kisiwani. Hakutaka kuona mikono imekaa bure. Namkumbuka na aproni yake, anavyopita wodini mbio, kila mtu anasimama wima. Watu wa namna ile hawapo tena. Hata kivuko kimekwisha, watu wanapita darajani Busisi wakiwa wameketi ndani ya gari, hawajui hata wimbi linanukaje.

Kesho namhamisha mzee. Luhende asiwepo, maana atataka kuuliza maswali. Nimemwambia nimesikia kuna mzee ametelekezwa Misungwi, hali yake mbaya, aende kesho bila kukosa. Akauliza jina. Nikasema aulizie sokoni. Huo si uongo sana. Soko gani nchi hii halina mzee aliyetelekezwa?

Kaandika. Kanishukuru kwa kujali. Nikasukuma toroli langu.


Alhamisi, 11 Septemba

Mungu wangu!

Nianze mwanzo. Asubuhi Luhende kaondoka Misungwi. Nikafanya haraka karatasi za kumruhusu mzee, kitanda chake nikampa mgonjwa mwingine. Nikamwambia mzee twende Buzuruga kumsalimia mjukuu wake Princess. Sikusema zaidi. Nilitaka iwe furaha ya ghafla.

Mzee kafurahi. Kavaa koti lake. Tulipopita pale ziwa linapoonekana akamwambia dereva wa bajaji apunguze mwendo. Kuna boti lilikuwa linaondoka. Mzee kasikiliza injini, akasema hiyo ina maji kwenye mafuta, haifiki mbali. Akacheka. Nikamkumbusha siku ile injini yetu ilizima katikati ya maji, mimi nalia, yeye anaifungua kwa kisu cha kuparia samaki. Kasema anakumbuka. Kasema nililia kwa Kihaya na yeye hakuelewa hata neno, akadhani nasali. Nilijisikia binti wa miaka ishirini na kitu. Nilitamani bajaji isifike.

Buzuruga wakatandika mkeka nje, kivulini. Samaki sato wa kuchemsha, ugali, mchicha. Princess kampandia babu mapajani. Nikawa natabasamu tu kama bibi harusi.

Jua likaanza kushuka. Mzee akasema haya, bajaji iitwe. Nikasimama. Nikatangaza kwa sauti ya hotuba kwamba hakuna bajaji, kuanzia leo hapa ndipo nyumbani kwake, chumba kiko tayari na godoro ni jipya.

Hakuna aliyepiga makofi.

Mzee akaniuliza taratibu nani alisema ameafiki. Akelo akanitazama. Owiti akanitazama. Hata Princess. Nikaanza kueleza habari za bomba.

Mzee akasema yeye ni Mjaluo. Baba halali kwenye nyumba ya mume wa binti yake. Anakuja, anakula, anacheza na wajukuu, jua likizama anaondoka. Wengine mjini wameacha. Yeye hajaacha, na haachi kwa sababu ya mguu. Halafu Akelo akaangua kilio. Kumbe tangu juzi analia! Alidhani baba yake kakata tamaa. Aliona mzee anayeivunja miiko yake uzeeni anajiandaa kufa. Owiti naye alikwisha kupiga simu kwao Rorya, ndugu wakae tayari kwa safari.

Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo nikakumbuka. Ule usiku wa mawimbi! Tulikwama kisiwa kimoja, mvua inanyesha, wenyeji wakanipa kitanda, Otuoma akalala kwenye mtumbwi na boksi la chanjo. Hadithi hiyo nimeisimulia kila Siku ya Wauguzi: nahodha aliyelinda chanjo za watoto usiku kucha akilowa. Watu hulia. Nikamwuliza palepale mkekani. Akacheka kidogo. Kasema ile ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake.

Aliponiona nimenywea akaongeza kwamba boksi pia alililinda.

Basi bajaji ikaitwa. Wodini hakuna kitanda, nimekigawa mwenyewe. Mzee akasema anarudi kwake. Nimemsindikiza mpaka mwanzo wa mawe, nikamsihi. Kapanda. Anashika ukuta, anapumzika, anapanda. Mimi nimesimama chini kama mjinga na begi lake la dawa, hadi kijana mmoja wa jirani akaja kulichukua.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimepanda mawe asubuhi na vifaa vya kusafishia kidonda. Nimefika juu natweta, mzee akanikaribisha, ananipa pole mimi! Nikafungua bandeji. Nikaifunga tena kidogo nisione. Kidonda kimefumuka.

Majirani wamemshusha kwa kiti. Amewekewa kitanda koridoni. Dokta Ngosha hakunigombeza, na afadhali angegombeza. Kaangalia mguu, kaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kitatulia kikipata mapumziko na kusafishwa kila siku, lakini asirudi kule juu. Jumatatu kama hakuna mahali, atampeleka kwa daktari wa upasuaji. Niliingia stoo ya vyandarua nikalia. Naogopa. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye nimeshika boksi na yeye ndiye ameshika usukani.

Halafu Luhende karudi. Jamani! Kule Misungwi kaulizia sokoni, kaonyeshwa kikongwe anayelala kwenye kibanda cha mboga. Bibi Mhoja. Kweli kabisa! Kakaa naye, kazungumza, kampata mtoto wa dada yake ambaye walikosana zamani, kawapatanisha, bibi analala ndani. Dokta Ngosha kampongeza mbele ya watu wote. Na yeye akasimama akasema sifa ziende kwa Sista Felicitas aliyeleta taarifa.

Wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi machungu namna ile.

Lakini sijakata tamaa. Nimefikiria. Tatizo la mzee si mguu, ni msimamo. Nani anaweza kumwondolea Msabato msimamo? Mzee wa kanisa lake! Kesho ni Jumamosi. Nitakwenda kusali nao, mzee wa kanisa atatamka kwamba mwiko hauna nguvu, Otuoma ataingia kwenye vyumba vitatu kwa amani ya moyo. Mratibu nani? Mimi.


Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kanisani kwa Wasabato na rozari nimeificha chini kabisa ya mkoba. Nikadhani ni saa moja na nusu kama misa yetu.

Hata! Kwanza ni mafundisho, kwa vikundi. Wameniuliza mgeni anasemaje kuhusu somo la juma. Sikuwa hata na kitabu. Kisha matangazo. Kisha wageni wasimame. Nimesimama. Nikasema ninatoka Bukoba na nimekuja kuangalia, wakasema amina kwa furaha kubwa, mama mmoja akanishika mkono na hakuniachia tena. Kisha ibada kuu. Kisha chakula, kizuri kweli, maharage ya nazi. Nikajua sasa tumemaliza. Kisha kipindi cha mchana!

Kwaya ikaimba. Na mmoja wa nyimbo zao ulikuwa ule. Ule wa kwenye mtumbwi. Sijui maneno yake hadi leo, najua tu pale sauti inapopanda. Otuoma alikuwa akiuanza tukiona taa za zahanati kwa mbali. Nikakaa pale katikati ya Wasabato, machozi yananitoka. Mama aliyenishika mkono akadhani nimeguswa na Roho. Akaenda kuwaambia wengine.

Hatimaye nimempata mzee wa kanisa. Mtu mzima, suti, miwani, amesoma. Nikamweleza yote. Katikisa kichwa kwa masikitiko. Nikaona tumekubaliana. Akasema mguu wa Otuoma unamwuma kama wake mwenyewe. Akasema mambo ya mizimu kanisa limeyakataza, lakini hili ni heshima tu kati ya wakwe. Kumbe naye ni Mjaluo wa Rorya! Ana binti kaolewa Nyakato, ana jumba la ghorofa. Kasema hajawahi kulala pale na hatalala, hata mvua inyeshe ya mawe.

Akanipa mwaliko wa ubatizo wa mwezi ujao. Wameshaandika jina langu.


Jumapili, 14 Septemba

Misa ya kwanza. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natunga mpango wa tatu: kuhamishia kitanda ndani ya stoo ya vyandarua kwa siri. Ukisukuma marobota upande mmoja pangetosha. Lakini Dokta Ngosha anaingia stoo ile kila siku kupiga simu zake.

Baada ya misa nikaenda Buzuruga kumwomba Akelo msamaha. Au nilitaka kuangalia kama banda lao la kuku lina paa la kumsitiri mzee. Vyote viwili.

Ng'ambo ya njia, uani kwa jirani yao, namwona nani? Luhende! Mikono ya shati imekunjwa, brashi mkononi, anapaka chokaa chumba cha nje. Owiti anachomelea chuma cha kushikia pale mlangoni, mzee asiteleze. Akelo anafagia. Mwenye nyumba, Mama Queen, mjane anayeuza uji stendi, anawaelekeza wote kwa mwiko.

Nikauliza kuna nini. Luhende akaniamkia kwanza. Kisha akaeleza. Mzee atalala hapa kwa Mama Queen, chumba chake, mlango wake, nyumba isiyo ya mkwe. Kukicha anavuka njia, anashinda kwa binti yake, anakula na wajukuu. Jua likizama anavuka kurudi kulala. Mwiko haujaguswa. Mguu unapumzika. Muuguzi atafika kila asubuhi, na chumba kitaangaliwa na ustawi wa jamii mpaka mzee apone.

Nikauliza kwa ukali kidogo nani kafikiria hayo. Akasema mzee mwenyewe. Jumatano ile ya karanga alimwuliza angependa kulala wapi, na mzee akataja chumba cha Mama Queen, ambacho hadi jana kilikuwa kimejaa kuni. Wanafahamiana, marehemu mume wa Mama Queen alikuwa mvuvi, walikuwa wakikutana majini. Luhende alitaka kunieleza Alhamisi asubuhi, lakini nilikuwa na haraka ya kumtuma Misungwi.

Nikarudi kituoni moja kwa moja. Nikamwuliza mzee kwa nini hakuniambia mimi, mimi nyar Bukoba, tuliokula mawimbi pamoja. Akaniangalia kwa huruma. Kasema alitaka kuniambia, lakini nilikuwa naongea.

Haikutosha. Akamkumbuka Sista Prudencia. Anasema huyo mama alikuwa akiingia kwa mgonjwa anakaa mkekani, anakula muhogo, anauliza habari za mashamba, hata saa nzima, kabla hajapima mapigo ya moyo. Yeye nahodha nje kwenye mtumbwi anasinzia akimsubiri. Nikamwambia si kweli, alikuwa mtu wa mbio. Akasema aliyekuwa mbio ni mimi.

Nimekaa na jambo hilo jioni nzima. Nadhani mzee anachanganya. Sukari ikipanda watu husahau.


Jumatatu, 15 Septemba

Mzee kahama leo. Tumempeleka sote. Mama Queen kampokea kwa uji wa ulezi bila sukari, Luhende alikwisha kumweleza. Ndani kuna kitanda, kiti, na dirisha dogo. Mzee kakaa kitandani, kajaribu godoro kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Akelo naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Owiti kapiga simu Rorya kusitisha safari.

Dokta Ngosha kaja kuuona mguu. Kasema ukitunzwa hivi haukatwi. Nilitoka nje nikaegemea geti la Owiti. Asante Mungu. Asante sana. Sikumbuki lini nimefurahi namna ile.

Mratibu: Luhende. Wote walipiga makofi, na mimi nilipiga, si haba. Mimi nimepewa kazi ya kuwazungukia wagonjwa majumbani kila asubuhi. Halafu yule kijana akasema kwenye chumba kile cha pembeni yeye atakaa upande wa mlango, jua la ziwani linamwumiza macho, Sista achukue dirishani. Nimeshindwa kumchukia leo. Nitajaribu tena kesho.


Alhamisi, 18 Septemba

Kazi ya kuzunguka ni tamu! Asubuhi natoka na begi langu, watu wananiita kila kona, Sista, Sista. Ni kama kisiwani, maji tu ndiyo hayapo. Kidonda cha mzee leo kilikuwa chekundu, safi, kinajifunga. Nikawa nakisafisha, naye akaanza kuuimba ule wimbo kwa chini, mimi nikaitikia pale sauti inapopanda. Mama Queen akasimama mlangoni na mwiko wake, anasikiliza. Tulikaa hivyo hata baada ya bandeji kuisha. Sikutaka kuondoka. Kwa muda kidogo hakuna kilichokuwa kimepotea.

Na hapo nikaona! Nashangaa hakuna mwingine aliyeona. Mzee ni mjane. Mama Queen ni mjane. Anampikia uji, anamchekea, wanafahamiana zamani. Wakioana, mzee ana mtu wa kumwangalia siku zote, si mpaka apone tu. Na chumba cha nje kinabaki wazi kwa mgonjwa mwingine. Matibabu, ustawi, ndoa, vyote meza moja! Hata Dokta Ngosha hakufika huko.

Nikamshirikisha Luhende mchana, kwa kuwa ndiye mratibu. Akaacha kutafuna. Akauliza kama mzee wa Kijaluo anaweza kukubali kuhamia ndani kwa mwanamke. Nikamwambia ale karanga zake.

Nimeshakwenda kwa mzee wa kanisa, amefurahi kuniona, kasema tarehe zipo baada ya ubatizo wangu. Nimemweleza Akelo, kaanza kulia, nadhani kwa furaha. Owiti kashika simu, sijui anampigia nani. Kwaya itaimba bure. Keki ataoka mama yule wa kunishika mkono, na kitambaa cha gauni nimempelekea fundi, rangi ya maziwa, Mama Queen itampendeza.

Wamebaki wao wawili tu kuambiwa. Hao hawana haraka, nitawaambia Jumamosi tukiwa tayari tumeshapamba.